Somo Moja, Simu Tano

Tulizipanga simu tano juu ya meza chini ya mwembe, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na ndani ya chumba hatukuonana vizuri. Kulikuwa na itel ndogo yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja, Tecno ya mwaka juzi, Samsung ya zamani yenye ufa kutoka kona hadi kona ya kioo, iPhone ya mtumba iliyonunuliwa Lubumbashi, na simu ya vitufe, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kitochi. Zote zilikuwa za wauguzi waliokuja Kamina, Kongo, kwa mafunzo ya siku tatu. Somo lilihusu malaria kali kwa watoto. Nilikuwa nimelitengeneza kwa programu ya kulipia, na maelezo ya programu hiyo yaliahidi kwamba litafunguka kwenye simu yoyote ya kisasa.

Lilifunguka. Simu nne kati ya tano zilionyesha ukurasa wa kwanza, watu wakafurahi. Kisha mama mmoja, muuguzi wa kituo cha afya cha mbali, akaisogeza itel yake karibu na macho.

"Papa, dozi iko wapi? Mimi naona kilo tu."

Nikamwomba asukume ukurasa pembeni.

"Nasukuma, Papa. Haiendi."

Jedwali lilikuwa na safu tatu: uzito wa mtoto, miligramu kwa kila kilo, na saa za kurudia sindano. Kwenye kompyuta yangu zote tatu zilikaa sawasawa. Kwenye simu yake safu ya pili ilikatwa katikati, na ya tatu haikuwepo kabisa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto wa chini ya kilo 20 apewe artesunate ya sindano miligramu 3 kwa kila kilo, na mwenye kilo 20 na zaidi apewe miligramu 2.4. Namba hizo ndizo zilizopotelea ukingoni mwa kioo.

Karibu kila programu ya kutengenezea masomo ya kidijitali inajinadi kwamba inakubali simu na tableti. Dai hilo ni la kweli, ila linajibu swali dogo. Linasema faili litafunguka. Halisemi kama muuguzi wa mbali, wa Kabongo kwa mfano, ataisoma dozi, kama somo litamfikia bila kummalizia mega zake zote za intaneti, wala kama mwaka kesho, mwongozo ukibadilika, nitaweza kulifungua tena somo langu na kulirekebisha. Kwa hiyo mtu wa Kamina anayetafuta programu ya namna hii namshauri asianze na orodha ya mambo ambayo programu inaweza kufanya. Aanze na faili linalotoka mwishoni, alipeleke kwenye simu dhaifu kuliko zote alizonazo, na aliangalie huko.

Kamina ni njia panda. Reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa: njia moja inakwenda Ilebo kwenye mto Kasai, nyingine inakwenda Kabalo hadi Kalemie, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 mji huu ndio makao makuu ya Haut-Lomami, na jimbo lina teritwari tano: Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu. Anayefundishwa hapa leo, kesho kutwa yuko juu ya baiskeli kuelekea Kabongo, au ndani ya mtumbwi upande wa maziwa ya Upemba. Mjini mtandao upo. Ukitoka kilomita kadhaa, unashika kwenye kilima na kupotea bondeni. Somo lolote linalodai mtandao wakati wa kusomwa limetengenezwa kwa ajili ya watu wa mjini peke yao.

Na neno "kifaa" lenyewe lina maana pana huku. Mwaka 2020 serikali ya Kongo ilileta RAM, ada ya daftari la simu, iliyokuwa ikikatwa kidogo kidogo kwenye yunite, yaani salio la simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Wananchi walilalamika sana, na mwaka 2022 ikafutwa. Naitaja kwa sababu ilitugawa waziwazi katika makundi mawili ambayo mwalimu hukutana nayo kila siku darasani: wenye simu zinazoweza kufungua ukurasa wa intaneti, na wenye simu zinazopokea sauti na ujumbe tu. Kisha kuna jambo ambalo watengenezaji wa programu ni nadra kulifikiria. Simu moja hutumiwa na watu wengi. Asubuhi iko na mama kazini, jioni mtoto anaicheza, usiku baba anasikiliza habari. Programu inayohesabu maendeleo ya mwanafunzi kwa kufuata kifaa itampa mama alama za mtoto. Kabla ya kuchagua, angalia kama somo linaweza kuanzishwa upya bila shida, na kama watu wawili wanaweza kuingia kwa majina yao kwenye simu moja.

Historia ya programu hizi ina somo lake, nami nitaipitia kwa haraka. Kwa miaka mingi masomo ya kompyuta yalitengenezwa kwa Flash. Mwaka 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini iPhone haitaikubali. Mwaka uliofuata Adobe ikaacha kuiendeleza kwa simu, na tarehe 31 Desemba 2020 ikaizika kabisa. HTML5, lugha ya kurasa za intaneti ambayo kila simu janja inaielewa, ilipitishwa rasmi kuwa kiwango mwaka 2014. Kwa kuwa Flash ilizikwa, masomo mengi ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye CD za miradi hayafunguki tena kwenye vivinjari vya kawaida. Mtu akikuuzia programu leo, swali la kwanza ni kama inatoa HTML5 safi, bila kumlazimisha msomaji kupakia kitu kingine kwenye simu yake. Nyingi siku hizi zinatoa. Tofauti kubwa iko kwenye namna ukurasa unavyojipanga.

Kuna aina mbili za programu, na anayezichanganya ndiye anayeishia chini ya mwembe akiulizwa dozi iko wapi. Aina ya kwanza hufikiri kwa slaidi. Unachora ukurasa wenye upana na urefu maalumu, unaweka picha hapa na maandishi pale, na kila kitu kinabaki pale ulipokiweka. Articulate Storyline iko hivyo, na iSpring pia, ambayo hufanya kazi ndani ya PowerPoint. Aina ya pili hufikiri kwa mtiririko: maandishi, picha na maswali hufuatana kwenda chini kama shanga kwenye uzi, na simu yenyewe huamua mstari ukatikie wapi. Rise, ndugu yake Storyline iliyotoka mwaka 2016, iko kundi hili. Adapt, iliyoanzishwa na kampuni ya Kineo ya Uingereza pamoja na washirika wake na inayopatikana bure, iko humo pia, pamoja na eXeLearning, iliyozaliwa New Zealand na sasa inatunzwa Hispania. Adobe Captivate ilianza upande wa slaidi, kisha mwaka 2014 ikaongeza uwezo wa kupanga ukurasa upya kulingana na kioo.

Chukua hesabu ndogo. Slaidi ya kawaida ya Storyline ina upana wa nukta 720. Simu nyingi, ukiishika wima, hutoa nafasi ya nukta 360 hivi za kupanga ukurasa. Slaidi inabanwa hadi nusu. Herufi uliyoiandika kwa ukubwa wa 14, ambayo kwenye kompyuta inasomeka vizuri, sasa ina 7. Kijana anaweza kuisoma kwa shida. Muuguzi wa miaka 50 hawezi. Atageuza simu ilale, atapata nafuu kidogo, kisha kitufe cha kuendelea kitajificha chini ya mstari wa kivinjari. Programu ya slaidi haikuharibika kwa hilo. Ilitengenezwa kwa kompyuta ya mezani, na kwenye kompyuta ya mezani bado ni hodari: kama unawafundisha makarani wa ofisi kujaza fomu kwenye kioo kikubwa, hutapata chombo bora zaidi. Kwa muuguzi mwenye itel siipendekezi.

Hata ndani ya zana moja tofauti hiyo inajificha. H5P, iliyotoka Norway na inayotumika bure, si programu moja. Ni sanduku la aina nyingi za mazoezi. Aina yake ya wasilisho ni slaidi tupu, inabanwa kama slaidi nyingine yoyote. Aina yake ya kitabu chenye mazoezi inatiririka vizuri sana. Maswali ya kuchagua jibu hufanya kazi kwenye kioo chochote, lakini zoezi la kuburuta picha na kuiweka mahali pake ni mateso kwenye kioo chenye ufa. Kwa hiyo jibu la "H5P inafaa simu?" ni kwamba sehemu zake fulani zinafaa sana. Aliyeichagua lazima azijaribu moja baada ya nyingine.

Tuje kwenye uzito, jambo ninalolitilia mkazo kuliko mengine yote. Huku mtu hununua mega kidogo kidogo, za siku moja au za saa chache, na anajua kila moja imekwenda wapi. Mwalimu anayetengeneza somo bila kulipima anatumia fedha za watu wengine.

Somo la dakika kumi la sauti likihifadhiwa kama WAV, jinsi kinasa sauti cha kompyuta kinavyoweza kulitoa, linachukua karibu megabaiti 100. Sauti ile ile ikigeuzwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inashuka hadi megabaiti 4.8. Ikigeuzwa kuwa Opus ya kilobiti 24, ambayo kwa sauti ya mtu anayeongea bado ni safi, inabaki megabaiti 1.8. Dakika kumi za video ya ubora wa kawaida, kilobiti 1,500 kwa sekunde, ni kama megabaiti 110. Sasa mpe muuguzi aliye kwenye mtandao wa 2G unaompa kilobiti 100 kwa sekunde siku ikiwa nzuri. Sauti ya Opus inamfikia baada ya dakika mbili na nusu. Video inachukua karibu saa mbili na nusu, kama betri itavumilia. Maandishi ya somo lote, maneno 1,500, hayafiki hata kilobaiti 20.

Kwa hiyo ninapoifungua programu mpya, naingia moja kwa moja mahali pa kutoa faili na kuangalia inafanya nini na sauti na picha. Inazipunguza yenyewe au inazibeba kama zilivyo? Picha ya simu ya siku hizi ina megabaiti 3 hadi 5, na ikipunguzwa hadi upana wa nukta 800 inaweza kushuka chini ya kilobaiti 150, na jicho haligundui tofauti kwenye kioo kidogo. Baadhi ya programu hufanya kazi hiyo bila kuulizwa. Nyingine hubeba kila kitu, na somo la kurasa kumi linafikia megabaiti 60 kwa picha tu. Kingine ninachoangalia ni kama msomaji anaweza kuchukua sauti au maandishi peke yake. OpenWHO, jukwaa la masomo la Shirika la Afya Duniani lililofunguliwa mwaka 2017, lilikuwa na masomo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na mtu aliweza kupakua sauti na kurasa za somo na kuiacha video. Wazo hilo linastahili kuigwa na kila mtu, hata mwenye wanafunzi thelathini.

Kisha kuna suala la viwango. Mtu wa Kamina analielewa haraka ukilieleza kwa reli. Reli yetu ya Katanga ina upana wa milimita 1,067, sawa na ile ya Zambia na Afrika Kusini. Njia ya Kabalo hadi Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati huo, ilijengwa kwa upana wa milimita 1,000. Ili njia mpya ya Kamina hadi Kabalo iliyofunguliwa mwaka 1956 iwe na maana, ile ya zamani ilibidi ipanuliwe kwanza, mwaka 1955. Tanzania iliishi na tatizo hilo hilo: TAZARA ina milimita 1,067, reli ya kati ilijengwa kwa milimita 1,000, na Kidatu pakawa mahali pa kuhamisha mizigo kutoka behewa hadi behewa.

Upana wa reli wa masomo ya kidijitali unaitwa SCORM. Uliratibiwa na mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo lake lililoenea kuliko yote, 1.2, ni la mwaka 2001. Somo lililofungwa kwa SCORM 1.2 linaweza kushushwa kwenye jukwaa lolote la mafunzo linaloielewa: Moodle, ambayo Martin Dougiamas aliitoa Australia mwaka 2002 na ambayo vyuo vingi vya Afrika vinaitumia, au jukwaa la shirika fulani la kimataifa. Kiwango kinabeba pia alama: nani amemaliza, amepata ngapi. Matoleo mapya yapo, SCORM 2004, na xAPI ya mwaka 2013 ambayo iliwafikiria watu wa simu kwa kuruhusu kumbukumbu zikusanywe bila mtandao na zitumwe baadaye. Wauzaji wanapenda kuyataja. Lakini app ya simu ya Moodle hupakua na kuchezesha bila mtandao kifurushi cha SCORM 1.2, si cha 2004. Ukichagua toleo jipya kwa sababu ni jipya, somo lako litasimama Kidatu. Mazoezi ya H5P nayo yamekuwa sehemu ya Moodle yenyewe tangu mwishoni mwa 2019, na app yake inayafungua hata mtandao ukikatika. Mtu akisoma Malemba-Nkulu akiwa nje ya mtandao, majibu yake yanangoja ndani ya simu mpaka afike mahali penye mtandao, kisha yanakwenda yenyewe.

Lakini Moodle inahitaji seva na mtu wa kuitunza, na kituo cha mafunzo chenye walimu wawili hakina mtu huyo. Hapo ndipo tunaingia njia ambayo masomo mengi huku husafiri kwa kweli: mkono kwa mkono. Kadi ya kumbukumbu, Xender inayorusha mafaili kutoka simu hadi simu, Bluetooth, WhatsApp. Hakuna kipeperushi cha programu kinachotaja Xender, ila wanafunzi wangu wengi walipata somo lao kwa njia hiyo.

Sikiliza kikwazo kilichonipotezea wiki mbili. Programu nyingi hutoa somo kama folda: ukurasa mmoja wa kuanzia, na kando yake picha, sauti na maandishi ya amri katika mafaili mengine kadhaa. Kwenye kompyuta unabofya ukurasa wa kuanzia, kila kitu kinakuja. Kwenye Android, ukiufungua ukurasa huo kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, kivinjari mara nyingi hupewa ruhusa ya faili lile moja tu. Picha hazionekani, vitufe havifanyi kazi, na mwanafunzi anadhani simu yake ni mbovu. Dawa yake ni programu inayofunga kila kitu ndani ya faili moja. Lumi, kihariri cha bure cha H5P kinachofanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti, hutoa somo zima kama ukurasa mmoja wa HTML. Faili linakuwa zito kidogo, kwa sababu picha na sauti zinaandikwa upya kwa herufi na uzito wao unaongezeka kwa theluthi moja, lakini linapita WhatsApp kama hati ya kawaida na linafunguka. Kwenye iPhone lina shida: likifunguliwa kwa kubofya tu, maandishi huonekana ila vitufe mara nyingi hulala. Katika chumba cha Kamina iPhone ni moja kati ya simu thelathini, na mwenyewe anaweza kusoma nakala ya EPUB, yaani kitabu cha kielektroniki. eXeLearning inatoa EPUB hiyo kutoka somo lile lile, pamoja na SCORM 1.2 na tovuti ya kawaida.

Njia nyingine ni kuuleta mtandao chumbani. Kolibri ya shirika la Learning Equality, iliyotoka mwaka 2017 baada ya ndugu yake mkubwa KA Lite, huwekwa kwenye kompyuta ya kawaida au kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja inayotumia volti 5 tu na inayoweza kuishi kwa betri na paneli ndogo ya sola. Simu zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi, hakuna mega inayoliwa. Inaongea Kiswahili na Kifaransa. Yenyewe ni rafu ya kuwekea masomo na si kiwanda cha kuyatengeneza, na rafu hiyo hupokea video, PDF, EPUB, kurasa za HTML5 na, katika matoleo ya karibuni, H5P. Chuo au hospitali yenye chumba cha mafunzo cha kudumu ifikirie njia hii kabla ya kununua leseni yoyote.

Leseni zenyewe zinahitaji neno kali. Programu kubwa za kulipia huuzwa kwa mwaka: mtumiaji mmoja wa Articulate 360 hulipa zaidi ya dola 1,000 kila mwaka, na inahitaji kadi ya benki ya kimataifa pamoja na intaneti ya kutegemeka. Fedha ya mradi inaweza kulipa mwaka wa kwanza na wa pili. Mradi ukifungwa, masomo yaliyokwisha kutolewa yanaendelea kufunguka, lakini mafaili ya asili hayahaririki tena bila kulipa. Kwa somo la historia hasara ni ndogo. Kwa somo la dawa ni hatari, kwa sababu miongozo hubadilika na dozi ya zamani inaendelea kuzunguka kwenye simu za watu bila mtu wa kuirekebisha. Nimeona kituo ambacho kilibaki na masomo arobaini mazuri yasiyoweza kuguswa. Kwa sababu hii peke yake, mimi huchagua eXeLearning au Lumi hata pale ambapo programu ya kulipia ina sura nzuri zaidi. Opale, kutoka Compiègne, Ufaransa, nayo ni ya bure na ina fadhila kubwa: chanzo kimoja kinatoa ukurasa wa intaneti, kifurushi cha SCORM na hati ya kuchapa. Karatasi bado inasafiri vizuri hadi Kaniama.

Lugha ni jambo ambalo wanunuzi hulikumbuka mwishoni, na lingepaswa kuja mapema. Darasa letu husoma Kifaransa kwenye vitabu, huongea Kiswahili sokoni, na Kiluba nyumbani. Programu nyingi zinaruhusu maandishi ya somo yawe lugha yoyote, lakini vitufe vinabaki Kiingereza: mtu anamaliza swali la Kiswahili, kisha anaona neno asilolijua mahali pa kubonyeza. Hakikisha vitufe vinaweza kuandikwa upya. Kwenye H5P unaandika maneno yako katika kila zoezi, kazi ya kuchosha lakini inayowezekana. Na ukiandika Kiswahili, kisome kwa sauti mbele ya mtu wa Kamina kabla ya kutoa somo. Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam kinaeleweka huku, ila neno moja geni katikati ya maelekezo ya dawa linatosha kumfanya mtu akisie.

Na ile simu ya tano? Hakuna programu ya kutengenezea masomo, ya bure au ya dola elfu, inayomhudumia mwenye simu ya vitufe, na ukweli huo usifichwe. Kwake zipo njia nyingine zilizokwisha kujaribiwa karibu nasi. Kenya, Eneza Education imefundisha wanafunzi kwa ujumbe mfupi kwa miaka mingi, na Shupavu 291 yake haikuhitaji intaneti hata kidogo. Viamo hutoa maelezo kwa sauti kupitia simu ya kawaida katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, Radio Okapi ilianzisha Okapi École, na masomo yakaingia nyumba ambazo hazikuwa na simu janja hata moja. Mpango wowote wa mafunzo ya simu unaomwacha mtu huyu nje huwaacha nje, mara nyingi, wale wale wanaofanya kazi mbali zaidi na hospitali.

Asubuhi ya siku ya pili nililitengeneza upya lile jedwali. Nililivunja kabisa. Badala ya safu tatu niliweka swali moja kwenye ukurasa: mtoto ana kilo ngapi? Chini yake majibu mawili yaliyo mapana kama kidole gumba, chini ya kilo 20, na kilo 20 au zaidi. Ukibonyeza, namba inakuja peke yake, kubwa, katikati ya kioo, na saa za sindano zinafuata chini yake. Nililitoa kwa Lumi kama faili moja, likawa na megabaiti 3 na kidogo. Lilipita kwa Xender kutoka Tecno hadi Samsung, kutoka Samsung hadi itel, bila mega hata moja. Kwa iPhone nilituma EPUB.

Kwa simu ya vitufe niliandika ujumbe mfupi, nikihesabu herufi ili zisizidi 160: "MALARIA KALI. Chini ya kg 20: artesunate mg 3 kwa kila kg. Kg 20 na zaidi: mg 2.4 kwa kila kg. Saa 0, 12, 24, kisha mara 1 kwa siku." Simu ikatetemeka juu ya meza. Mwenyewe, mwanamume mtu mzima aliyekuwa amekaa kimya tangu jana, akaufungua, akausoma kwa sauti polepole, kisha akamgeukia mama mwenye itel.

"Yule mtoto wa jana alikuwa kilo ngapi?"

"Kumi na nne."

Akahesabu kwa vidole kwenye ukingo wa meza. "Basi arobaini na mbili."

Mama akabonyeza jibu la kwanza kwenye kioo chake, akaangalia namba iliyotokea, naye akahesabu. Ilikuwa 42.